Nilimpenda mwewe hadi akashindwa kuruka

Mwaka jana, wakati wa mvua za Novemba, mwewe alianguka mbele ya geti la korti yetu hapa Buruburu Phase 3. Hakuanguka kama embe. Alishuka akizunguka, bawa moja limefunguka na lingine limekataa, akagonga boneti ya gari la jirani, akateleza hadi chini na kusimama katikati ya barabara na hasira zake zote, kama konda aliyenyimwa nauli. Watoto wakapiga nduru. Soja akashika rungu. Mimi nikavua hudi yangu nikamrushia, nikamfunga ndani, nikaenda naye kejani.

Huo ndio uamuzi mzuri wa mwisho niliofanya kuhusu huyo ndege. Yaliyofuata ndiyo nataka tuongee, kwa sababu najua si mimi pekee. Hii Nairobi imejaa watu wa moyo safi wanaoua wanyama kwa huruma.

Kwanza nimtetee mwewe kidogo. Ukikulia Eastlands, mwewe si ndege wa kitabu cha sayansi. Ni mwizi unayemjua. Ashakunyang'anya smokie ukitoka shule, ukabaki umeshika toothpick. Anajua jamaa wa butchery anatupa mabaki saa ngapi, anajua siku ya takataka kuliko wenye lori la takataka. Kiota chake huwa juu ya mkalitusi, amekijenga kwa vijiti, karatasi za nailoni, kamba, na wakati mwingine kipande cha nguo ambacho mama fulani bado anakitafuta kwenye waya wa kuanika. Watalii wanalipa pesa ndefu kumwona tai kule Maasai Mara. Sisi binamu yake anatupora chipsi bure.

Tulimpa jina Konda. Mimi ninaishi kwenye ekstensheni, vile vyumba ambavyo wenye nyumba za Buruburu walijenga pale bustani ilipokuwa ili wapate kodi, kwa hivyo nafasi haikuwa nyingi. Nikamweka kwenye katoni kando ya kitanda. Siku ya kwanza nikampa mkate uliolowekwa kwenye maziwa, kwa sababu ndivyo shosho alivyokuwa akiwafanyia vifaranga wagonjwa. Alipokataa nikamfungua mdomo kwa nguvu na kumtilia maji kwa sirinji. Bawa nililifunga na bandeji na vijiti vya aiskrimu. Nilikuwa nimeona video. Siku ya tatu akakubali kula matumbo, na mimi nikajiona daktari.

Na bila shaka nikampiga picha. Picha ya kwanza ilipata watu wengi kuliko chochote nilichowahi kuandika, na mimi naandika tangu niache chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hebu fikiria vile hiyo ilinifurahisha na kuniuma kwa pamoja. Wasee wakaanza kuja kejani kumwona. Watoto wa korti walipanga foleni, kila mmoja ampapase kichwa mara moja. Konda alikuwa akitulia kabisa, macho wazi, hajipigi. Tulisema ametuzoea. Baadaye niliambiwa kwamba ndege wa porini akitulia hivyo mkononi mwa mtu, mara nyingi ni hofu. Anangoja kuliwa.

Tulikaa hivyo siku 16.

Siku ya 16 mtu mmoja anayejua ndege aliona zile picha akaniandikia. Hakunisifu. Aliuliza maswali tu. Umempigia nani simu? Hilo bawa limefungwa hivyo tangu lini? Anakula nyama tupu au nyama na mifupa? Kesho yake Konda alichukuliwa akaonwa na daktari wa wanyama, na mimi nikafuata kusikia majibu, nikiwa nimebeba matumbo kwenye karatasi kama mtu anayepelekea mgonjwa chakula wodini.

Majibu ni haya. Mifupa ya ndege ni myepesi na mingi ina uwazi ndani, na inaunga upesi kuliko yetu, wiki mbili au tatu imeshashika. Hiyo ni habari njema kama mfupa umenyooshwa. Kama haujanyooshwa, unashika vibaya kwa kasi ileile. Mfupa wa Konda ulikuwa umeshika ukiwa umepinda, ndani ya bandeji yangu. Manyoya ya mkia yalikuwa yamekatika kwa kujigonga kwenye katoni. Maziwa ndege hawezi kuyameng'enya. Matumbo matupu hayana madini ya kujenga mfupa. Mwewe hula panya mzima, na mifupa na manyoya yake, kisha hutapika donge la asichokihitaji. Na yale maji ya sirinji, ilikuwa ni bahati tu sikumzamisha, kwa sababu tundu la pumzi la ndege liko palepale nyuma ya ulimi.

Halafu kulikuwa na jambo ambalo halionekani kwa eksirei. Daktari alipoingia, Konda hakuruka nyuma. Alifungua mdomo akiomba.

"Ungemleta siku ya kwanza," aliniambia, "huyu angekuwa na nafasi." Hakusema kwa ubaya. Alidungwa sindano alasiri hiyohiyo. Picha ya hiyo sijawahi kuiweka popote.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kuhusu hii kazi kama mtu anayesomea mtihani ambao ashafeli. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba wanaoifanya vizuri hawana muda na neno "kuokoa". Kuokoa ni siku moja. Kila mtu anaweza kuvua hudi. Kazi iko kwenye kumrudisha, na kumrudisha kunaanza saa ileile unapomshika, kwa kila kitu unachokataa kumfanyia.

Nilienda kuwaona ndovu mayatima wa Sheldrick. Kutoka Buru ni matatu ya 58 hadi tao, kisha zile za Rongai zinazopitia Lang'ata, na unatakiwa uwe umeweka nafasi mapema. Unapewa saa moja tu, kutoka saa tano hadi saa sita mchana. Watoto wa ndovu wanatoka msituni wakikimbia na kugongana, walezi wao wamevaa makoti ya kijani, chupa za maziwa ni kubwa kama za mtungi, halafu wanajitupa kwenye matope. Umati wote unasema "ooh" kwa sauti moja. Hata mimi nilisema. Lakini nilikuwa nikijiuliza kitu kimoja: mbona hawa watoto hawataharibika kama Konda, na wanapapaswa namna hii?

Jibu lina historia ndefu. Shirika hilo lilianza mwaka wa 1977, baada ya kifo cha David Sheldrick, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa Mbuga ya Tsavo Mashariki. Mkewe, Daphne, alikuwa amejaribu kwa miaka mingi kupata maziwa ambayo mtoto wa ndovu anayenyonya angeweza kuyamudu, kwani ya ng'ombe yaliwaua, na kilichofungua mlango mwishowe ni mafuta ya nazi. Unaona? Hata yeye alianza na maziwa yasiyofaa. Halafu kukawa na Aisha. Huyo alikuwa mtoto wa ndovu ambaye Daphne alimlea mwenyewe miaka ya 70, wakawa kama mama na mwana. Daphne aliposafiri kwa harusi ya binti yake, Aisha aliacha kula, akafa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na mtu mmoja tu duniani, na huyo mtu alienda harusini.

Ndiyo maana leo walezi hubadilishana. Usiku mlezi analala kwenye zizi na mtoto wa ndovu, anamnyonyesha kila baada ya saa tatu, lakini kesho usiku analala mwingine. Mtoto anafundishwa kupenda kundi, asimpende mtu mmoja. Akifika karibu miaka mitatu anatolewa Nairobi, anapelekwa Voi au Ithumba kule Tsavo, au Umani Springs kwenye msitu wa Kibwezi, ambako huwekwa hasa wale walio na majeraha yasiyoisha. Huko hakuna umati wa saa tano. Mchana wanatembea porini wanakutana na ndovu wa mwitu, jioni wanarudi zizini. Siku moja mmoja harudi. Anarudi kesho. Kisha anapotea wiki nzima. Kisha mwezi. Safari hiyo inaweza kuchukua miaka mitano, au kumi, na ndovu mwenyewe ndiye anayeamua. Zaidi ya mayatima 300 wamelelewa kwa njia hiyo, na baadhi ya majike wamerudi zizini wakiwa na watoto waliozaliwa porini, wakawaonyesha walezi, kisha wakaenda zao.

Hiyo habari ya kuamua mwenyewe ilinigusa pahali, nikiri. Nilipoacha chuo kila mtu alitaka kujua narudi lini, kana kwamba kuna siku ya kufungua geti na kila kitu kinaisha. Lakini hayo ni yangu.

Ndege wana njia yao. Kenya tuna watu waliobobea kwa ndege wawindaji, pale Naivasha na kule Soysambu karibu na Ziwa Elementaita, chini ya Kenya Bird of Prey Trust. Yule anayejulikana zaidi, Simon Thomsett, amefanya kazi hii maisha yake yote. Kuna kitu wanafanya ambacho dada zangu wa saluni za Mutindwa wataelewa mara moja: ndege aliyekatika manyoya ya bawa anapandikizwa mengine. Unachukua unyoya uliodondoka wenyewe kutoka kwa ndege wa aina hiyohiyo, unakata kwa kipimo, unaingiza kijiti chembamba ndani ya shina la unyoya uliokatika, unabandika kwa gundi. Ni weave, kwa ufupi. Inashika hadi ndege aote manyoya yake. Bila hiyo, tai angekaa kizimbani miezi mingi akingoja, na kila mwezi kizimbani unamlegeza misuli.

Kisha anafanyishwa mazoezi. Anarushwa akiwa kwenye kamba ndefu, leo mita chache, kesho zaidi, mpaka pumzi irudi. Anapewa chakula bila kumwona anayempa. Kwa sababu ndege akitoka na bawa zima lakini anadhani binadamu ni mama yake, hajatoka. Ataenda kutua kwenye bega la mtu wa kwanza atakayemwona, na mtu huyo atakuwa mtoto na feya, ile manati yetu, au mzee anayeamini ametumiwa jini.

Kwa wanyama wakubwa hilo kosa linaua watu pia. Sote tunaijua hadithi ya Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson akarudi porini Meru, akazaa watoto watatu. Ilitoka kitabu, ikatoka filamu mwaka wa 1966, na Kenya ikapata watalii. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni hadithi ya Boy, mmoja wa simba waliotumika kwenye filamu hiyo, ambaye Adamson alijaribu kumzoesha pori. Mwaka wa 1971, kule Kora, Boy alimuua msaidizi wa Adamson, na mzee akalazimika kumpiga risasi simba wake mwenyewe. Sisemi Adamson alikosea yote. Nasema simba aliyepoteza woga wa binadamu amepoteza kitu ambacho hakuna daktari anayeweza kukishona.

Kama Kora ni mbali, panda matatu uende City Park pale Parklands. Tumbili na kima wa pale wamelishwa njugu na ndizi na wageni wa Jumapili kwa miaka na miaka. Leo hawaombi, wanakagua begi. Mtoto akiumwa, tunasema tumbili ni mbaya afukuzwe. Nani alimfundisha?

Na kuna wale ambao hata ufanye nini hawana pa kurudi. Kule Sweetwaters, ndani ya Ol Pejeta huko Laikipia, kuna sokwe waliohifadhiwa tangu 1993. Wa kwanza walitoka Burundi. Kenya haijawahi kuwa na sokwe wa porini, kwa hivyo hata wapone vipi, watazeeka nyuma ya waya, wakitunzwa vizuri. Wengi wao walianza kama mtoto mdogo mzuri ambaye mtu fulani alitaka kukaa naye nyumbani. Alikuwa na moyo safi pia, huyo mtu.

Sasa najua kuna msomaji anasema: buda, watu wamelala njaa hapa Eastlands, hospitali hakuna dawa, na wewe unatuletea mwewe. Nimesikia. Mama yangu alisema hivyohivyo, kwa maneno makali zaidi, aliposikia nimenunua matumbo ya ndege wakati nilikuwa na deni la tokeni za stima. Sina jibu la kumshinda mama. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi siombi pesa ya hospitali ipelekwe kwa mwewe. Naomba kitu kidogo sana, na nitafika hapo.

Kuna pingamizi lingine, zito zaidi, na hili linatoka kwa wanasayansi wenyewe: kumuuguza mnyama mmoja hakuokoi spishi. Ni kweli. Konda angepona, idadi ya mwewe Kenya isingebadilika. Lakini angalia picha nzima. Mwaka wa 2022 ulichapishwa utafiti uliolinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa kwenye barabara za Kenya miaka ya 1970 na zile za 2003 hadi 2020. Kati ya spishi 22, 19 zilikuwa zimepungua. Sumu inayotegwa kwa mizoga, nyaya za umeme, pori kugeuka shamba na ploti. Ikifika pahali spishi imebaki na majozi machache, kila jike anayerudi angani ni hesabu. Na mkono utakaomshika siku hiyo hautakuwa wa profesa. Utakuwa wa mtu kama mimi, amevua hudi, hajui apige simu wapi.

Hapo ndipo penye malalamiko yangu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema huwezi kumweka mnyama wa porini bila kibali, hata kwa nia njema. Sawa, naikubali. Lakini ukiwa Buruburu, Umoja, Kayole au Dandora, saa mbili usiku, umeshika bundi aliyepigwa mawe, sheria inakuambia usimweke na hakuna pahali karibu pa kumpeleka. Makao makuu ya KWS yako Lang'ata, upande mwingine wa jiji, matatu mbili. Unaweza kupiga simu, na ungepaswa. Mimi sikupiga kwa sababu sikujua kama inapigwa kwa mwewe. Nilidhani hiyo simu ni ya simba aliyetoroka.

Na bundi ndio kesi mbaya zaidi, wacha nipitie hapo. Mwewe anachukiwa kwa wizi, bundi anachukiwa kwa kuzaliwa. Analia juu ya tangi la maji, kesho yake jirani aliyekuwa mgonjwa anafariki, na kosa linakuwa la bundi. Ndege ambaye kazi yake usiku kucha ni panya, katika mtaa ambao kila mtu analalamika juu ya panya.

Nenda Watamu uone vile ambavyo ingeweza kuwa. Huko kuna shirika liitwalo Local Ocean Conservation, na tangu mwisho wa miaka ya 90 limekuwa na mpango na wavuvi. Mvuvi akinasa kasa kwenye wavu, hamchinji na hamfichi. Anapiga simu. Wanakuja, wanampima, wanamtia alama kwenye pezi, mzima anarudishwa baharini siku hiyo, mgonjwa anapelekwa kwenye matangi yao. Wengine wanakuja wanaelea, hawawezi kuzama, kwa sababu tumbo limejaa plastiki na hewa. Wanatibiwa hadi waweze kupiga mbizi tena. Mvuvi anapata fidia ndogo ya muda wake na usumbufu. Si utajiri. Lakini imetosha kufanya maelfu ya kasa warudi majini, na imefanya kitu kingine ambacho nakiona kikubwa zaidi: mvuvi ndiye mtu wa kwanza kwenye huo mnyororo, na anajulikana, na simu yake inapokelewa.

Hapa kwetu mtu wa kwanza ni soja, mama mboga, mtu wa boda, mtoto wa shule. Hatuhitaji hospitali ya wanyama Mutindwa. Tunahitaji pahali pamoja pa kupokea, agroveti au kliniki ya mbwa iliyoko tayari, na mtu aliyefundishwa siku mbili, na mpango na KWS kwamba kinachofika pale jioni kinachukuliwa asubuhi. Hiyo tu. Kaunti na KWS wakikaa meza moja, haiwezi kuwa kazi ya mwaka mzima.

Mpaka hapo, hiki ndicho ningependa mtu angeniambia. Mfunike na kitambaa kizito, macho yasione. Mshike miguu, maana kwa mwewe silaha ni kucha, mdomo ni wa kula tu. Katoni yenye matundu, kitambaa chini, mfuniko juu, giza, kimya, mbali na redio na watoto. Usimpe chakula. Usimpe maji kwa nguvu. Usimfunge bawa. Usimpige picha, au kama huwezi kujizuia, piga moja ya kuonyesha jeraha, uitume kwa mtu wa kazi. Andika ulipompata, kwa sababu akipona atarudishwa palepale, kwenye mti wake na pengine kwa mwenzake. Piga simu KWS siku hiyo, si kesho. Na ikiwa ni kinda aliyeanguka, ana manyoya, hana jeraha, mrudishe kwenye tawi uondoke. Mamake yuko juu anakutazama, na anakuona wewe ndiye shida.

Lakini mti wenyewe uko wapi? Wazee wanaojua Buruburu ya mwisho wa miaka ya 70 wanakuambia kila nyumba ilikuwa na bustani mbele, na ua, na miti kwenye korti. Tukala bustani tukajenga ekstensheni, na mimi ninalala ndani ya mojawapo, kwa hivyo sina ulimi wa kulaumu. Ni hesabu ileile ya Mbuga ya Nairobi, kilomita mraba 117 tangu 1946, pande tatu zimezungushiwa ua, reli ya SGR imepita juu yake kwa daraja, na upande wa kusini uliobaki wazi unajaa ploti. Unaweza kuwa na daktari bora duniani, na maziwa ya nazi, na manyoya ya kupandikiza. Siku ya kufungua katoni lazima kuwe na kitu mbele yake.

Korti yetu imebakisha mikalitusi miwili. Mwezi uliopita mwenye nyumba alitaka kuukata mmoja, ule wenye kiota, kwa sababu majani yanaziba gata. Tulibishana naye, mimi na soja yule wa rungu, ambaye siku hizi ni mtu wa mwewe kuliko mimi. Tukakubaliana yatakatwa matawi ya upande wa paa tu, na mimi ndiye nitakuwa nikipanda kusafisha gata. Nimeshapanda mara mbili. Mara ya pili mwewe alinirukia kichwani, akanikwaruza, na sikumbuki mara ya mwisho nilifurahi hivyo kwa kuchukiwa.

Halafu wiki jana nilienda kwa agroveti moja karibu na Mutindwa, dada anayeuza chakula cha kuku na dawa za viroboto. Nikamweleza yote haya, yeye akiendelea kupima pumba za wateja. Nikamuuliza kama anaweza kukubali kupokea ndege aliyeumia kwa usiku mmoja, mpaka asubuhi, akiwa gizani, bila kumlisha. Alifikiria. Akauliza kama bundi pia. Nikasema bundi hasa. Akanyamaza tena, akafunga mfuko wa mteja, akasema sawa, ila katoni nilete mwenyewe.